Jiwe Jeupe kwenye Mgongo wa Kniven

Makkum, Friesland
9 Machi 1986

Mdogo wangu Wobbe,

Salamu kutoka huku kwenye upepo. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia, ndiyo maana mwandiko huu ni wa kuku: naandika kwa kushoto. Nilianguka na baiskeli. Wewe je? Kifua kimepona? Theluji huko imekwisha, au bado mnautafuta mlango kwa sepetu?

Nina jambo. Shemeji yako Durk anataka twende huko Norwe mwezi wa nane, tutembee milimani. Tangu apate medali yake ya kumi ya matembezi hakai wala hatulii. Kilomita hamsini kwa siku, ni kweli, lakini kwenye lami iliyonyooka, na supu ya njegere kila kona. Sasa anasema nchi yetu imemwishia. Anataka njia yenye mandhari, apige picha za kuwatambia wenzake karakana ya mashua. Amenituma maktaba nimletee njia tatu, yeye achague. Nimekuta vitabu viwili, vyote vimeliwa na panya.

Nikawaza: mdogo wangu mwenyewe ana miaka kumi na miwili kazi yake ni kupaka alama na kupanga mawe kwenye njia hizohizo. Niandikie njia tatu, nami nitazinakili kana kwamba nimezitoa kitabuni. Asijue zimetoka kwako. Sababu unaijua.

Usijibu nyumbani. Andika kwa anwani ya Bibi Fokje, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Mimi ndiye ninayemsomea barua zake. Ana miaka tisini na mmoja. Siri ikiingia kwake haitoki, maana haikumbuki.

Dada yako,
Hiske


Skardal, Norwe
24 Machi 1986

Dada Hiske,

Nimeipata barua yako na nimeisoma nimesimama. Kifua kimepona, theluji bado iko dirishani, na mbwa wangu amezeeka kuliko mimi. Msalimie Bibi Fokje, kama atanikumbuka.

Njia tatu, basi. Ya kwanza ni ya bonde. Mnafuata mto siku nne, maporomoko kila upande, kila jioni mnafika kibanda chenye moto. Hata ndama anaipita. Ya pili inazunguka ziwa: misonobari, maji meusi, na boti ya posta inayopita kila siku saa nane mchana. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, ingawa haina sifa. Ya tatu ni Kniven. Ni mgongo wa mlima mwembamba, jina lake maana yake kisu, na hawakukosea. Unaona bahari upande mmoja na barafu upande wa pili. Kwenye jua ni raha. Kwenye ukungu huoni kiatu chako mwenyewe, na kinachokuongoza ni marundo ya mawe tu. Usiende ya tatu.

Marundo niliyojenga mimi utayajua. Juu ya kila moja naweka jiwe jeupe, kama lile la mama la dirishani. Wenzangu hunicheka, wanasema naoka keki. Ya Kniven si yangu, yalijengwa na wazee waliokwisha kufa; ni ya kijivu mpaka juu.

Na kila kibanda kina daftari. Unaandika jina, ulikotoka, unakokwenda, hali ya hewa. Daftari halidanganywi. Mtu akipotea, tunamtafuta pale alipoandika.

Sasa nimalizie. Mtu wa Friesland haanguki baiskeli, Hiske. Sisi tumezaliwa juu yake. Hii ni mara ya tatu unaniandikia umeanguka. Niambie kilichouvunja mkono huo.

Mdogo wako,
Wobbe


Makkum
15 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Natumai hujambo. Mimi plasta imetoka, vidole viwili havikunjiki vizuri, lakini kalamu inashikika.

Ni mlango. Aliuweka mkono wangu penye bawaba, akaufunga. Hakuwa hata na hasira. Aliufunga kama mtu anayefunga mlango kwa sababu ya baridi. Kosa langu ni kwamba nilicheka na tarishi.

Unakumbuka sherehe yangu ya kuzaliwa, miaka minne iliyopita. Viti duara, kila mtu na kikombe chake na kipande chake cha keki, shangazi Sjoukje anasimulia habari za nyonga yake. Wewe ukaliona shavu langu chini ya poda. Ukainuka ukampiga Durk mbele ya watu kumi na wanne mpaka akatapika keki kwenye zulia. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha ukapanda feri ukaenda zako, mimi nikabaki naye. Yale meno mawili ya pembeni niliyokwambia yalioza hayakuoza.

Kwa hiyo usije. Usipige simu. Usimtumie mtu.

Nisikilize badala yake. Huku kwetu ukikimbia unaonekana saa nzima, nchi yote ni sahani. Nilijaribu mara moja, mwaka wa themanini na tatu. Alinikuta kwenye tuta la bahari, hakuharakisha hata kidogo. Lakini Norwe ni nchi ambako mimi nina mtu na yeye hana. Nitafutie njia inayogawanyika. Mahali ambapo yeye atataka kupanda, na mimi nitasema goti linauma nirudi. Durk harudi nyuma. Hajawahi kurudi nyuma kwa ajili ya mtu. Nataka saa tatu tu, Wobbe. Nipe saa tatu ambazo yuko juu na mimi naenda chini.

Dada yako,
Hiske


Skardal
3 Mei 1986

Dada,

Siwezi kuuliza hali yako baada ya barua ile. Nimeisoma, nikatoka nje, nikapasua kuni za miaka miwili. Mikono imechubuka na bado haijatosha.

Wewe unajua mimi ni nani. Ulikuwepo zizini siku baba alipompiga mama kwa mnyororo wa ng'ombe, nami nikachukua nguzo ya uzio nikamvunja taya. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilisikia mfupa ukivunjika na nilipenda nilichosikia. Ndiyo maana nilikuja kukaa na mawe. Jiwe ukilikasirikia, unaumia wewe.

Haya, njia. Ni lazima iwe Kniven, nami nililiona hilo nikasikia baridi. Mnalala kibanda cha Gråbu. Asubuhi mnapanda kwa muda wa saa moja, mnafika njia panda yenye ubao. Kulia ni Kniven, saa tano kwenda na kurudi. Kushoto ni kuteremka ziwani, saa mbili kwa mtu mwenye haraka. Mimi nitakuwa gatini na boti ya jirani. Tukivuka, gari liko ng'ambo. Jioni uko kwangu, na kesho yake kwa mwanasheria mjini.

Kwa hiyo mwandikie Kniven vizuri. Ipake asali. Zile mbili nyingine zinakili kama orodha ya kufulia nguo.

Mdogo wako,
Wobbe


Makkum
20 Juni 1986

Mdogo wangu Wobbe,

Huku joto, na Bibi Fokje anakusalimu. Anadhani wewe ni marehemu mumewe, kwa hiyo zichukue salamu hizo kwa tahadhari. Unakula lakini? Jibini la kahawia peke yake si chakula.

Amechagua. Niliweka karatasi tatu mezani, akasoma ile ya bonde akasema, "Hii ya wajane." Ya ziwa akasema, "Hii ya wachungaji wa kanisa." Ya Kniven aliisoma mara mbili. Nilikuwa nimeandika "kwa watembeaji wenye uzoefu mkubwa tu." Akanitazama: "Wewe utaweza kweli, na miguu yako hiyo ya bata?" Nikasema nitajaribu. Akasema, "Ukinichelewesha nakuacha hukohuko." Ni neno zuri kuliko yote aliyoniambia mwaka huu.

Amenunua fimbo ya kutembelea yenye ncha ya chuma. Ameijaribu kwa mbwa wa jirani. Mbwa sasa ana jicho moja, na jirani kwa woga amesema ni paka aliyemparura.

Tunalala Gråbu tarehe 17 Agosti. Tunapanda tarehe 18, Jumatatu. Paspoti zote mbili anazo yeye.

Dada yako,
Hiske


Skardal
28 Julai 1986

Dada Hiske,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na mifupa yako yote.

Nitakwambia kitu na usipige kelele humo kwa wazee. Jana nilikwenda Kniven. Katikati ya mgongo kuna mahali njia inapinda kushoto, na mbele hakuna kitu, ni hewa tu, mita mia mbili. Nimehamisha marundo matano. Sasa hayapindi. Kwenye jua hadanganyiki hata mtoto. Lakini Agosti ukungu huja siku tatu kati ya nne, na mtu asiyesikia la mtu atayafuata moja baada ya jingine.

Nani atajua? Mgeni, mlima, ukungu. Kila mwaka tunateremsha mmoja. Wewe utakuwa kwenye boti, unakunywa kahawa. Hutamkimbia tena, maana hatakuwepo wa kukukimbiza. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Mdogo wako,
Wobbe


Makkum
4 Agosti 1986

Wobbe,

Leo sina salamu. Kayarudishe mawe.

Unaniambia umelala vizuri. Baba naye alikuwa akilala vizuri. Ulikuwa mdogo, mimi nilikuwa nalala chumba cha pili, nilikuwa nikimsikia akikoroma baada ya kumpiga mama, usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Sikuomba mtu auawe. Niliomba saa tatu.

Na wakipita wengine? Mwalimu na wanafunzi wake, mzee na mkewe? Watu wanayaamini mawe yale kwa sababu ya watu kama wewe. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuwa daftari halidanganywi. Rundo la mawe linadanganywa?

Nimeishi miaka kumi na mmoja kwenye mkono wa mwanamume anayeamua peke yake. Sitoki humo niingie kwenye mkono wako. Kayarudishe, uniandikie umeyarudisha. La sivyo nachana karatasi hizi zote, nabaki huku, na lolote litakalonipata litakuwa shingoni mwako.

Dada yako,
Hiske


Skardal
9 Agosti 1986

Dada yangu,

Barua yako ilifika jana, na jana hiyohiyo nikapanda. Nimeyarudisha yote matano, kila moja mahali pake, pale ambapo kuvu ya kijani ya mwambani imeacha alama. Nakuapia kwa kaburi la mama. Umesema kweli na mimi nimeona haya.

Nitakuwa gatini tangu saa nne asubuhi. Nitavaa kofia nyekundu. Wewe teremka tu.

Mdogo wako,
Wobbe


Hospitali, Wadi ya 3
27 Agosti 1986

Wobbe,

Wauguzi wanasema umekuja mara nne na kila mara umeketi kwenye korido mpaka wakakutoa. Ni mimi niliyewaambia wasikuruhusu. Nilitaka kwanza nikuandikie, kwa sababu usoni mwako nitaona haya kusema. Mbavu tatu zimevunjika, sikio la kulia halisikii, goti limeshonwa. Nitapona. Umeuliza, nami nimejibu.

Gråbu tulifika salama. Niliandika daftarini kama ulivyonifundisha: majina yetu, tumetoka Skardal, tunakwenda Kniven. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Walikuwepo walimu wawili Wadenishi, wakasema wao wanangoja. Durk akawaambia, "Mimi nina medali kumi. Nyie kunyweni kahawa, kina mama." Wote wawili walikuwa wanaume wenye ndevu.

Kwenye njia panda nikasema goti linauma, narudi kibandani. Akautazama ule ubao wa kwenda ziwani. Akanitazama mimi. Akasema, "Lete mkoba." Nilikuwa nimefunga kwenye soksi cheti changu cha kuzaliwa na picha ya mama. Hilo ndilo kosa langu. Mwanamke anayekwenda matembezi hachukui cheti cha kuzaliwa.

Alinipiga kwa fimbo ile, kwa mti wake kwanza, si kwa ncha. Mbavu nilizisikia, moja, kisha mbili kwa pamoja. Akanipiga sikioni. Alikuwa akiuliza bila kupaza sauti, "Nani anakungoja chini? Sema. Ni yule mwehu wa mawe?" Sikusema. Kisha akasimama kwenye njia yako, ile ya kuteremka, akaniambia, "Tangulia. Juu."

Nikatangulia. Alikuwa ananidunga mgongoni kwa ile ncha kila nikipunguza mwendo. Damu ilinijaa kiatuni. Tukafika kwenye mgongo, na hakukuwa na dunia tena, ni weupe tu na rundo moja mbele, na juu yake jiwe jeupe.

Nitakwambia kweli: nilifurahi. Nilisema moyoni, Wobbe alipita hapa. Nikafika la pili, nalo lina jiwe jeupe. La tatu. Hapo ndipo nilipokumbuka barua yako ya Machi. Ya Kniven si yangu, uliandika, ni ya kijivu mpaka juu.

Nikasimama. Akanipiga nyuma ya goti nikakaa chini. Nikamwambia, "Durk, usiende. Marundo haya ni ya uongo." Akacheka. "Leo unajua na milima?" Akanipita. Nikamwita mara ya pili, nikamwambia mbele hakuna kitu. Akafika la nne, akaligonga kwa fimbo, akaenda. Nikamwita mara ya tatu, kwa pumzi yote niliyokuwa nayo na mbavu zile. Akageuka kuninyooshea fimbo. Alisema, "Nikirudi hapo ulipo—"

Fimbo niliisikia ikigonga mawe chini, mara nyingi. Kisha nikamsikia yeye.

Hakufa pale pale. Alikwama kwenye rafu ya mwamba chini kidogo, sikuweza kumwona. Alikuwa akiniita. Wobbe, miaka kumi na mmoja sijawahi kusikia akiniita jina langu bila tusi nyuma yake, na pale aliniita labda mara mia. Nililala kifudifudi nikawa namjibu. Nilimwambia watu wanakuja. Nilimsimulia habari za bahari. Alilia kama ndama. Baada ya saa mbili akanyamaza, na ndipo walimu wale wakanikuta, na ndipo ukungu ukafunguka. Ilikuwa mandhari nzuri sana. Unaona bahari upande mmoja na barafu upande wa pili, kama ulivyoandika.

Sijui kama namlilia. Nalia, lakini sijui ni kwa ajili ya nani.

Uliniapia kwa kaburi la mama. Mimi ndiye niliyetangulia, Wobbe. Mawe yale ulinipangia mimi. Hatua kumi zaidi na mtu ambaye angelala kwenye rafu ile ni dada yako.

Polisi wamekuja. Kijana mpole, anaandika polepole. Akaniuliza: "Mama, marundo yale yamehamishwa. Unajua na nani?" Nikamwambia sijui, ilikuwa ukungu. Yakanitoka kirahisi, sikuhitaji hata kufikiri. Baadaye nikaelewa kwa nini. Ni uongo wangu wa siku zote: ngazi, kabati, mlango. Nilikuwa nimeanguka na baiskeli tena, safari hii kwa ajili yako.

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeitembea miaka kumi na mmoja nikifika palepale. Siitembei tena kwa ajili ya mwanamume yeyote, hata niliyemlea. Polisi anarudi Jumatatu, tarehe mosi. Nitamwambia. Kama unanipenda, nenda kabla yangu.

Dada yako,
Hiske


Skardal
30 Agosti 1986

Dada yangu Hiske,

Najua mbavu zinauma zaidi siku ya kumi. Lala upande uliovunjika, kifua kitapumua vizuri upande wa pili.

Sikuandikii kujitetea. Tarehe nane niliyarudisha kweli, na nilipoapa nilikuwa nasema kweli. Lakini tarehe 17 nilijificha juu ya maegesho na darubini, nikataka tu kuona umefika. Ulishuka garini unachechemea, ukajikinga uso kabla hajainua mkono. Alikuwa anatoa kofia mfukoni. Alitaka tu kuvaa kofia yake, na wewe ukajikinga. Nikapanda Kniven kwa upande wa nyuma mchana uleule. Nilijiambia wewe hutafika huko, wewe utakuwa kwenye boti. Sikufikiria kwamba yeye naye anaweza kuamua unakokwenda. Watu kama sisi hatufikirii hilo.

Mawe meupe sikuyaweka kwa makusudi. Mkono uliyaweka wenyewe, kama kila siku. Nashukuru kwamba mkono huo uliyaweka.

Gatini nilikungoja mpaka saa kumi. Kofia nyekundu bado ipo kichwani, sijui kwa nini sijaivua.

Jana nimerudi Kniven. Yote matano yako mahali pake, ya kijivu mpaka juu. Walimu wale Wadenishi walipita nikiwa kazini, wakanisaidia kubeba, wakanishukuru. Hayo ndiyo yaliyoniumiza kuliko yote.

Nyumba haijafungwa. Mbwa anakula mara mbili, asubuhi na jioni. Jirani anamlisha mpaka utakapotoka.

Nikiteremka nimepita Gråbu, nikaandika daftarini. Nakunakilia, ili usikie kwangu kabla ya kusikia kwa polisi:

Jina: Wobbe Hoekema.
Ametoka: Kniven.
Anakwenda: kituo cha polisi, Skardal, kwa miguu.
Hali ya hewa: angavu. Unaona mbali.

Mdogo wako